Shajara ya mradi: Jelatini, baridi, na bia inayopitisha mwanga

Kabla ya kuwasha moto

Ninachokitaka katika mpiko huu ni bia ya rangi ya dhahabu ambayo ukiweka maandishi nyuma ya glasi unayasoma bila kukaza macho, hata kama glasi imetoka kwenye friji sasa hivi. Hilo la mwisho ndilo gumu. Bia nyingi za nyumbani huonekana safi kwenye joto la chumba, zikipoa zinaingia ukungu, na zikipata joto mkononi ukungu unapotea tena. Wapishi wanauita ukungu wa baridi.

Chanzo chake kinajulikana vizuri. Shayiri ina protini, na baadhi ya protini hizo zina prolini nyingi (prolini ni mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini). Maganda ya shayiri pamoja na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, hutoa polifenoli, ambazo ndizo zinazoleta ukakasi ulimini. Makundi haya mawili hushikana kwa vifungo dhaifu vya haidrojeni. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi vifungo vinaachia na kila kitu kinabaki kimeyeyuka. Bia ikishuka kukaribia nyuzi 0 vinashika, vipande vinakua, na vikishakua vya kutosha vinatawanya mwanga. Bia ikipozwa na kupashwa mara nyingi, au ikipata oksijeni, vifungo hivyo vinakomaa na ukungu unakuwa wa kudumu.

Juu ya hao kuna hamira yenyewe. Seli moja ina upana wa mikromita 5 hadi 10 hivi, nzito kidogo tu kuliko bia, kwa hiyo inaelea muda mrefu kabla ya kutua.

Mpango: mpiko mmoja, vyombo viwili vya lita 10 kila kimoja. Kimoja kinapata jelatini, protini ya mnyama inayovuta chembe zishuke chini, na baridi; kingine kinapata baridi tupu. Pembeni naweka mtungi mdogo wa kioo wa lita moja wenye jelatini lakini bila baridi. Karibu kila maelekezo ya kung'arisha bia yanaunganisha jelatini na friji, halafu sifa zote anapewa jelatini. Nataka kuona nani anafanya kazi gani.

Jumamosi, kupika

Nimetumia kimea cha shayiri cha rangi nyepesi pekee. Sijaweka ngano wala oti, kwa sababu bia za nafaka hizo zinatakiwa kuwa na utando wake, na kuzitia jelatini ni kuzivua sura yao.

Kimea kilichosagwa kimelowa kwenye maji ya nyuzi 66 kwa saa nzima. Kabla ya kuchuja nilichota tone kwenye sahani nyeupe na kuliwekea iodini. Rangi ikigeuka buluu iliyokolea kuelekea weusi, wanga bado haujageuka sukari. Yangu ilibaki kahawia ya iodini yenyewe, nikaendelea. Kipimo hiki hakichukui hata dakika moja na ningependa kila mpishi akifanye, maana ukungu wa wanga haushikwi na jelatini. Ukiingia kwenye chombo cha kuchachushia umeingia, na utakaa na wewe hadi glasi ya mwisho.

Maji ya kusuuzia kimea sikuyapandisha zaidi ya nyuzi 75. Yakizidi kuwa moto, hasa pale utamu umeshapungua na uasidi nao umeshuka, yanavuta tanini kutoka kwenye maganda. Polifenoli ambazo hazikuingia hazihitaji kutolewa.

Mchemko wa nguvu, saa moja. Dakika 10 kabla ya kuzima nimetia kijiko cha chai cha mwani mwekundu uliokuwa umeloweshwa. Mwani huu una karajinani, ambayo ina chaji hasi na hukamata protini zenye chaji chanya wakati maji ya kimea yangali moto na yanapoanza kupoa. Watu huuliza kama ukitumia mwani bado unahitaji jelatini. Mwani unafanya kazi sufuriani, jelatini inafanya kazi mwishoni kwenye baridi, na vinakamata mizigo tofauti. Hakuna kinachochukua nafasi ya mwenzake.

Nilipoza haraka kwa koili ya shaba, na protini zikajikusanya kwenye sufuria kama yai lililovunjiwa kwenye supu. Niliacha zitulie kabla ya kufungua bomba. Uzito wa kuanzia, ukilinganishwa na maji ambayo ni 1.000, ni 1.048. Hamira ya ale, aina ya bia inayochachuka kwenye joto la karibu na la chumba, nyuzi 19. Nimechagua kwa makusudi hamira yenye tabia ya wastani katika kutua. Zile zinazoshuka zenyewe upesi zingeficha kile ninachokitafuta.

Wiki ya kuchachuka

Povu limepanda, limeshuka. Uzito umesimama kwenye 1.010 na haukusogea nilipopima tena, kwa hiyo pombe ni asilimia 5 hivi. Nimeacha kwenye joto lilelile siku za ziada ili hamira imalize kufyonza diasetili, ile harufu ya siagi. Hatua hii haionekani kwa macho lakini naiheshimu sana. Jelatini inaiondoa hamira kazini. Ukiiondoa kabla haijamaliza, unabaki na bia inayong'aa yenye harufu ya siagi, na aliyekuwa na uwezo wa kuisafisha amelala chini ya mashapo.

Kugawa na kupoza

Vyombo vyote vilijazwa hewa ya kaboni (kaboni dioksidi) kwanza, kisha bia ikapita kwenye mpira uliofika chini kabisa ili isimwagike kutoka juu. Lita 10, lita 10, na moja kwenye mtungi. Vyombo viwili vikaingia kwenye friji iliyowekwa nyuzi 2. Mtungi umebaki kwenye kabati lenye giza, nyuzi 20.

Kuna jambo linalopuuzwa hapa. Bia ikipoa, gesi iliyo juu yake inanywea, na bia baridi nayo inayeyusha gesi zaidi. Matokeo yake chombo kinavuta. Kizibo cha hewa chenye maji kitaruhusu hewa ya nje iingie, pengine na maji yake pia. Nimefunga puto lenye hewa ya kaboni juu ya kila chombo, na kufikia usiku yote mawili yalikuwa yamelegea sana. Kile kilichotoka kwenye puto ndicho kingekuwa hewa ya chumba. Bia iliyokwisha kuchachuka haina matumizi mema na oksijeni: inakuwa nzito ya rangi, inapata ladha ya karatasi iliyolowa, na ukungu wenyewe unaongezeka. Sioni maana ya kupigania mwanga kwa jelatini huku mlango wa oksijeni uko wazi.

Sikutia jelatini siku hiyo. Friji kuonyesha nyuzi 2 si sawa na bia kuwa nyuzi 2. Nimebandika kipimajoto ubavuni mwa chombo, nikakifunika kwa sponji ili kisome bia na si hewa ya friji, na nikangoja mpaka kesho yake jioni ndipo namba ikatulia.

Usiku wa jelatini

Jelatini ni kolajeni, protini ya nyuzinyuzi, iliyotolewa kwenye ngozi na mifupa ya nguruwe, ng'ombe au samaki, ikavunjwa kwa asidi au alkali na joto. Inayofaa ni ile tupu, isiyo na sukari, rangi wala ladha. Ndugu yake wa karibu ni utando wa kibofu cha samaki ambao watengenezaji wa ale za mapipa nchini Uingereza wameutumia kwa vizazi vingi. Kule kolajeni inaachwa ikiwa imejisokota nyuzi tatu pamoja na haitakiwi kuguswa na moto. Kwenye jelatini, nyuzi zimeshafumuliwa na joto. Kwa asiyetumia kitu cha mnyama, hii si njia yake. Jeli ya silika inakamata protini za ukungu vizuri, na baridi ya muda mrefu haina mnyama wala samaki ndani yake.

Kazi yake inategemea chaji. Uasidi wa bia kama hii uko karibu na pH 4.2 hadi 4.5, na kwenye uasidi huo jelatini inabeba chaji chanya. Ngozi ya seli ya hamira ina chaji hasi. Zinavutana, chaji zinafutana, na seli zilizokuwa zikisukumana zinaanza kukusanyika. Zaidi ya hapo, jelatini ina prolini nyingi kama zile protini za ukungu, kwa hiyo polifenoli zinaipenda kwa sababu ileile na zinanaswa pamoja na protini zilizoshikana nazo.

Kukusanyika kuna faida kubwa kuliko inavyoonekana. George Gabriel Stokes alionyesha mwaka 1851 kwamba kasi ya tufe dogo linalozama kwenye kimiminika inakwenda na mraba wa kipenyo chake. Bonge lenye upana mara 10 ya seli moja linashuka mara 100 kwa kasi, ikiwa msongamano wake haukubadilika. Kwa kweli bonge la hamira lina bia katikati yake, hivyo ni jepesi kidogo kuliko hesabu hiyo, lakini tofauti inabaki kuwa kati ya majuma na siku.

Kipimo changu ni gramu 0.2 kwa lita. Nimepima kwa mizani ndogo, si kijiko, kwa sababu jelatini ya chembe kubwa na ya unga laini hazijai kijiko kwa uzito sawa. Gramu 2.2 kwenye mililita 110 za maji yaliyochemshwa na kupozwa: mililita 100 kwa chombo, 10 kwa mtungi.

Unga unanyunyiziwa juu ya maji baridi, haumwagwi kwa pamoja, la sivyo unafanya madonge yenye unga mkavu ndani. Niliuacha robo saa unywe maji na kuvimba. Kisha kikombe kikaingia kwenye sufuria ya maji moto, nikakoroga polepole mpaka kipimajoto kikasoma nyuzi 68, na nikaishikilia hapo dakika 10. Joto hilo linatosha kuyeyusha kila kitu na kuua vijidudu vinavyoweza kuisumbua bia. Kuchemsha sikubaliani nako. Mchemko unazidi kukatakata nyuzi, na nguvu yote ya jelatini iko kwenye urefu wa nyuzi hizo. Fupi zinashika kidogo. Kilichobaki kikombeni kilikuwa maji mepesi yenye rangi hafifu ya majani makavu, bila chembe hata moja.

Nimemimina ikiwa bado ya moto, uzi mwembamba, nikizungusha kikombe juu ya uso wote wa bia. Ikiachwa ipoe kikombeni inaanza kuganda, na ikiganda haisambai. Mililita 100 kwenye lita 10 za bia baridi hazikupandisha kipimajoto hata nyuzi moja. Nikafunga, nikakizungusha chombo taratibu bila kurusha bia, nikarudisha hewa ya kaboni juu yake.

Chombo cha baridi tupu nacho nilikifungua kwa muda uleule na kukitia mililita 100 za maji yaliyochemshwa yenye joto lilelile. Kama kuna tofauti itakayotokana na kufungua kifuniko au kuongeza maji, vyote viwili viwe nayo.

Asubuhi iliyofuata

Natazama kwa tochi. Mwanga unapita ubavuni, jicho linakaa pembeni kwa pembe mraba. Bia yenye ukungu inauonyesha mwale wa tochi kama ukanda mweupe kutoka upande hadi upande. Bia safi hauoni kitu katikati.

Chombo cha jelatini: sehemu ya juu imeanza kufunguka, na chini ya hapo kuna mawingu yanayoshuka. Ukanda wa tochi unafifia ukipandisha mkono na kurudi ukiushusha. Chombo cha baridi tupu: ukanda uleule kutoka juu hadi chini.

Mtungi wa joto ndio ulionishangaza. Ulikuwa mbele ya vyote. Mabonge yalikuwa makubwa, yanaonekana bila tochi, na nusu ya juu ya mtungi ilikuwa safi kabisa. Bia ya joto ina mnato mdogo kuliko ya baridi, kwa hiyo vitu vinazama upesi ndani yake. Mtu angesimamisha jaribio pale angeandika kwamba friji ni kupoteza umeme.

Siku ya pili, jioni

Chombo cha jelatini kinasomeka. Nimeweka ukurasa wenye maandishi madogo nyuma yake na nimesoma sentensi nzima kupitia lita 10 za bia. Chini kuna tabaka jeupe lenye mikunjo laini ambalo bado halijashikamana.

Mtungi wa joto nao ulikuwa angavu. Nimechota glasi mbili: moja ya mtungi, nyingine kutoka chombo cha jelatini, na kuziweka pamoja kwenye friji zikiwa zimefunikwa. Baada ya saa kadhaa nimezitoa na kuziweka mbele ya taa.

Ya chombo cha jelatini haikubadilika. Ya mtungi ilikuwa imefunikwa na utando wa maziwa mepesi, hamira imetoka lakini ukungu wa baridi uko palepale. Nyuzi 20 zilikuwa zimeziacha protini na polifenoli zikiwa mbalimbali, zimeyeyuka, na jelatini ikapita katikati yake ikachukua hamira na kushuka. Haikuwa na bonge la kushika. Baridi ndiyo inayoutengeneza ukungu, na jelatini inaweza kuubeba ukiwa umeshatengenezwa tu. Hili ndilo nililokuwa nikitafuta, na sasa nimeliona kwenye glasi mbili za mpiko mmoja.

Kwa hiyo yeyote anayeniuliza kuhusu kipimo cha jelatini, swali langu la kwanza litakuwa bia yake ilikuwa nyuzi ngapi alipoitia. Chini ya nyuzi 10 kuna kitu cha kushika; kati ya 1 na 4 ndiko ningeifikisha mimi kila mara. Atakayemimina kwenye bia ya vuguvugu na kuipoza baadaye anafanya mambo sahihi kwa mpangilio uliogeuzwa.

Siku za kutulia

Sikugusa kitu. Tabaka la jelatini ni jepesi na chombo kikisukumwa tu linainuka. Siku chache za ziada kwenye baridi zinalibana, na hizo ni siku zenye faida kuliko kuongeza unga. Kuzidisha unga kunaweza kuleta kinyume: mashapo yanakuwa mengi na mepesi, na jelatini isiyopata wa kumshika inabaki ndani ya bia.

Kuweka kwenye chupa

Mpira wa kuhamishia ulishikwa juu, nikashuka nao kadiri bia ilivyopungua, na nusu lita ya mwisho nimeiacha pamoja na mashapo yake bila majuto. Sukari gramu 6 kwa kila lita, ikayeyushwa kwenye maji yaliyochemka, ikatangulia kwenye ndoo ya kujazia.

Hofu ya wengi ni kwamba jelatini itaondoa hamira yote na chupa hazitapata gesi. Bia inayoonekana safi kwa macho bado inaweza kuwa na mamia ya maelfu ya seli hai kwenye mililita moja. Seli hizo zina sukari kidogo tu ya kula na muda wa kutosha. Chupa za vyombo vyote viwili zimewekwa kwenye nyuzi 20.

Baada ya chupa kukaa

Zote zimepata gesi. Za jelatini zilichelewa kidogo kupata povu la kuridhisha, kisha zikalingana na zile nyingine. Povu halikupungua, linakaa juu ya glasi na kuacha pete kila unaponywa.

Chupa za baridi tupu ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Kwenye joto la chumba unahitaji tochi ili kuzitofautisha. Zikitoka kwenye friji kuna utando mwembamba, na zile nilizoziacha muda mrefu zaidi kwenye baridi zinaendelea kufunguka, ukungu unatua chini ya chupa. Mwenye subira na nafasi kwenye friji anafika karibu na palepale bila unga wowote.

Ladha inanipa mawazo zaidi kuliko sura. Bia ya jelatini imenyooka: uchungu wake unakuja na kuondoka, ukakasi wa mwisho umepungua, na hamira haisikiki. Harufu ya hopsi imelegea kidogo. Mafuta ya hopsi hushikilia hamira na chembe nyingine, na chembe zikishuka zinashuka nayo. Kwa bia ya aina hii, ambayo kimea ndicho kinachozungumza, naipokea biashara hiyo kwa furaha. Kwa bia inayoishi kwa harufu ya hopsi nisingeitia jelatini. Ningeipa baridi na muda, na ningeukubali utando uliobaki.

Chupa za jelatini zina faida moja ambayo sikuitaja kwenye mpango: mashapo yake ni kidogo na yameng'ang'ania chini. Unamimina karibu chupa yote bila wingu kufika kwenye glasi.

Mpiko unaofuata

Kimea kilekile, hamira ileile, vyombo vyote viwili kwenye nyuzi 2. Kitu kimoja tu kitabadilika: gramu 0.2 kwa lita upande mmoja, gramu 0.1 upande wa pili. Nina imani kwamba bia ikishapozwa ipasavyo nusu ya kipimo itatosha, na kama ndivyo, pengine harufu ya hopsi nayo itabaki zaidi. Glasi za kunusa nitazibandika namba, na atakayezinusa hataambiwa ipi ni ipi.